Mapumziko ya Mwanamichezo: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba misuli hukua pale pale ukumbini, chuma kikiwa mkononi. Kwa kweli, mazoezi mazito huzijeruhi kidogo nyuzi za misuli na kupunguza akiba yake ya nishati; ni baadaye, hasa katika saa 24 hadi 48 zinazofuata, mwili unapozikarabati na kuziimarisha kwa protini mpya. Anayefanya mazoezi mazito ya kifua Jumatatu, Jumanne na Jumatano mfululizo anafanana na fundi anayepandisha tofali juu ya zege bichi.

Wengine husadiki kuwa maumivu ya kesho yake ni asidi iliyoganda miguuni, hivyo dawa yake ni kukimbia tena kwa nguvu ili itoke. Lakteti, kitu ambacho misuli hutoa wakati wa mazoezi na ndicho wanachokiita asidi, huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi. Maumivu yanayokufanya ushuke ngazi kinyumenyume, mkono ukutani, hutokana na misuli kujeruhiwa, na aghalabu hufikia kilele siku ya pili au ya tatu.

Hofu ya kupoteza pumzi kwa kukosa siku moja nayo haina msingi, kwani siku mbili tatu za kupumzika hazimrudishi mtu nyuma.

Husemwa pia kwamba mabingwa hawapumziki. Wanaosema hivyo wangefika Iten, nchini Kenya, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako wakimbiaji wengi hufanya mazoezi mara mbili kwa siku, lakini hulala mchana, na Jumapili kwa wengi wao ni siku ya kupumzika. Hata Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mwaka 2019, hukimbia sehemu kubwa ya kilomita zake za wiki kwa mwendo mwepesi. Wanamichezo wetu wa mijini, kwa maoni yangu, huiga kasi yake na kuusahau usingizi.

Kupumzika, hata hivyo, si lazima kuwe kushinda kitandani. Kutembea taratibu au kuogelea kidogo kunatosha. Asubuhi, kabla hujainuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima: yakizidi ya kawaida yako kwa siku kadhaa, huku usingizi ukikatika na hasira zikiwa karibu, viatu vya mbio na vibaki mlangoni.