Injini Ikizimika Ndege Inapopaa: Dhana Potofu na Ukweli

Abiria wengi huamini kwamba injini ikizimika wakati ndege inapaa, kilichobaki ni kuomba dua. Hofu hiyo naielewa, maana ardhi iko karibu na muda ni mchache. Lakini ndani yake kuna mambo mengi yasiyo kweli, na baadhi yake hayako kwa abiria peke yao. Yameingia hata chumba cha marubani, na yameua watu.

Dhana: Ndege ya injini mbili ikipoteza moja, inaanguka

Haianguki. Ndege kama Boeing 737, Airbus A320 au ATR 72 haipewi cheti cha kubeba abiria mpaka ithibitike kwamba injini moja ikifa katika wakati mbaya kuliko wote, iliyobaki inaweza kuipandisha. Magurudumu yakishakunjwa, ndege hiyo lazima iweze kupanda angalau mita 24 kwa kila mita 1,000 inazosonga mbele. Ni mwinuko mdogo, ila unatosha, kwa sababu uzito wa kila safari hupangwa kwa kuuzingatia.

Hapo ndipo mahali na hali ya hewa vinapoingia. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyembamba, na mchana wa jua kali huzidi kuwa nyembamba, hivyo injini hupungukiwa nguvu na bawa hupungukiwa uwezo wa kubeba. Mzigo ambao ndege ingeondoka nao Mombasa bila taabu unaweza kulazimika kupunguzwa Nairobi. Abiria anayeudhika kwamba sanduku lake limebaki ajue kuwa huenda hesabu ilifanywa kwa ajili ya siku ambayo injini moja itagoma.

Dhana: Hitilafu ikitokea kwenye njia ya kurukia, salama ni kufunga breki

Inategemea kasi. Kabla ya kuondoka, marubani hukokotoa kasi iitwayo V1 kwa kuangalia uzito, joto, upepo, urefu wa njia na kama njia imelowa. Kabla ya V1, injini ikifa, ndege husimamishwa. Ikishapita V1, ndege hupaa hata kama injini moja imekufa, kwa kuwa njia iliyobaki haitoshi tena kusimama. Nahodha huondoa mkono wake kabisa kwenye vishikio vya nguvu za injini ikifika kasi hiyo, ili asije akashawishika kuvirudisha nyuma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani pamoja na watengenezaji wa ndege walichambua matukio ya ndege za jeti kupitiliza mwisho wa njia baada ya marubani kukatisha kuruka. Zaidi ya nusu walikuwa wameanza kusimama baada ya kuipita V1. Na ni kama robo tu ya matukio hayo yaliyohusu injini kupungukiwa nguvu. Mengine yalianzia kwenye matairi, taa za tahadhari na mambo mengine ambayo ndege ingeweza kupaa nayo, ikazunguka na kutua kwa utulivu.

Dhana: Rubani hodari ni mwepesi wa mikono

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Tarehe 4 Februari 2015, ndege ya TransAsia safari namba 235, aina ya ATR 72, iliondoka uwanja wa Songshan, Taipei, ikiwa na watu 58. Ilipokuwa inapanda, kifaa kinachosimamia propela ya injini ya kulia kilipata hitilafu kwenye solda, mfumo ukadhani injini imekufa, ukaligeuza propela lake likae kisu kwa upepo. Injini yenyewe ilikuwa nzima, ila haikuwa ikisukuma tena. Ya kushoto haikuwa na tatizo lolote. Sekunde chache baadaye nahodha alirudisha nyuma nguvu za injini ya kushoto. Rubani mwenzake alimwambia asubiri wahakikishe kwanza. Hakusubiri, na baadaye injini ile ya kushoto, iliyokuwa haina tatizo, ikazimwa kabisa. Ndege ikapoteza kasi, bawa likagonga teksi juu ya barabara ya daraja, ikaishia mtoni Keelung. Watu 43 walikufa.

Kama nahodha yule angeitunza kasi yake, akainyoosha ndege na kuendelea kupanda bila kugusa chochote kwa nusu dakika, injini ya kushoto ingewabeba wote. Utaratibu unaofundishwa duniani kote uko hivyo hasa. Kwanza kanyaga pedali ndege iende moja kwa moja. Shika mwinuko unaotakiwa. Kunja magurudumu. Kisha usiguse swichi yoyote ya injini mpaka ufike kimo kilichokubaliwa, ambacho kwa kawaida si chini ya futi 400. Hapo ndipo rubani mmoja anaweka mkono kwenye kishikio na kutaja injini, mwingine anathibitisha kwa macho kwamba ndiyo yenyewe, ndipo kinavutwa.

Kuna njia ya zamani ya kuitambua injini iliyokufa: mguu usiokanyaga uko upande wake. Ni njia nzuri, na wanafunzi huipenda kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Lakini ni hatua ya kwanza tu. Bila kuthibitisha, mtu aliyeshtuka anaweza kuvuta kishikio kisicho chake, tena kwa kujiamini kabisa.

Dhana: Injini mbili daima ni salama kuliko moja

Kwa ndege kubwa, sawa. Kwa ndege ndogo za injini mbili za pistoni, zile za abiria wanne au watano, mambo ni mengine. Injini moja ikifa unapoteza nusu ya nguvu, lakini uwezo wa kupanda hupungua kwa takriban asilimia 80 au zaidi, kwani sehemu kubwa ya nguvu iliyobaki inaishia kuizuia ndege isishuke. Nyingi kati yake hazidaiwi na sheria kuweza kupanda kwa injini moja. Juu ya nyanda kama za Arusha au Nairobi, mchana, zikiwa zimejaa, injini iliyobaki inaweza kuchelewesha tu kushuka.

Kibaya zaidi, injini inayofanya kazi huisukuma pua upande wa ile iliyokufa. Kasi ikishuka chini ya mstari mwekundu kwenye kipima kasi, usukani wa mkia hauwezi tena kuizuia, na ndege hujipindua. Kama haipandi, jibu ni kupunguza nguvu ya injini inayofanya kazi na kutua mbele, mabawa yakiwa sawa. Ni uamuzi mgumu mno kuufanya huku injini moja bado inanguruma, na ndiyo maana lazima ufanywe kabla ya kuondoka.

Cessna Caravan, inayovusha wengi Dar es Salaam hadi Zanzibar na kuwafikisha watalii Serengeti, ina injini moja tu ya tabaini. Rubani wake ana swali moja jepesi kulijibu: injini ikizima, nitatua wapi mbele yangu?

Dhana: Geuza urudi uwanjani

Kwa ndege ya injini moja iliyo chini, kugeuka kurudi kumeua wengi. Kuirudia njia uliyotoka hakuhitaji nusu duara tu. Ukigeuka unasogea pembeni, kwa hiyo lazima ugeuke zaidi ya nyuzi 180 kisha ujirekebishe tena. Ukiinamisha bawa kwa nyuzi 45, kasi ambayo chini yake mabawa yanaacha kubeba hupanda kwa karibu asilimia 19. Kwa nyuzi 60, asilimia 41. Rubani anaona ardhi inakuja, anavuta pua juu, na ndege inajiangusha.

Hata ndege kubwa hazikusamehewa. Tarehe 15 Januari 2009, Airbus A320 ya US Airways iligonga bata bukini baada ya kuondoka LaGuardia, New York, injini zote mbili zikapoteza nguvu. Marubani wake, Chesley Sullenberger na Jeffrey Skiles, waliitua mtoni Hudson, na watu wote 155 wakapona. Wachunguzi walipoijaribu safari hiyo kwenye simuleta, yaani mtambo wa ardhini unaoigiza urukaji wa ndege, kurudi kuliwezekana iwapo rubani angegeuka papo hapo. Walipoongeza sekunde 35 za mtu kuelewa kilichotokea, ndege haikufika.

Dhana: Mazoezi ya kweli ni ndani ya ndege, simuleta ni mchezo

Tarehe 22 Machi 2010, huko Darwin, Australia, ndege ya propela mbili aina ya Embraer Brasilia iliondoka ikiwa na marubani wawili tu, mmoja akimpima mwenzake. Mpimaji alivuta nguvu za injini ya kushoto kuigiza kufa kwake, lakini aliishusha chini kuliko kiwango kinachofanana na injini iliyozimwa kwa utaratibu. Propela likaivuta ndege nyuma kuliko ambavyo injini iliyokufa kweli ingefanya. Ndege ikawashinda, wote wawili wakafa, na injini zilikuwa nzima. Kwenye simuleta kosa lile lingeishia kwa zoezi kusimamishwa, makosa kujadiliwa, kisha kurudiwa tangu mwanzo wa njia.