Pumu na chakula: maswali ya wazazi wa Kigoma

Mwanangu ana pumu. Mama mkwe anasema nisimpe tena dagaa, mayai wala maziwa. Nimsikilize?

Kabla ya kumnyima, kumbuka vizuri: umewahi kumwona akibanwa kila anapokula kimojawapo? Wenye pumu walio wengi hawabanwi na chakula. Wanabanwa na mafua, vumbi, moshi wa kuni na mkaa, baridi ya usiku, au mbio za kucheza. Wenye mzio wa chakula unaofika kifuani ni wachache. Jambo hili linaniuma, maana dagaa ndio kitoweo ambacho hata nyumba yenye kipato kidogo hapa Kigoma inakimudu. Mtoto akinyimwa dagaa, mayai na maziwa kwa mkupuo, anakosa protini na madini ya kumkuza, na pumu yake inabaki palepale.

Nitajuaje kama kweli ni mzio?

Angalia muda na dalili nyingine. Mwenye mzio, mwili wake huichukulia protini ya chakula fulani kama adui. Akikila, mwili humwaga histamini na kemikali nyingine, njia za hewa zinabana na kuvimba. Hali hii huja upesi, ndani ya dakika chache hadi saa mbili, na mara nyingi kifua hakiji peke yake: midomo au macho huvimba, ngozi hutoka vipele vya kuwasha, mtoto hutapika au tumbo linamkata. Tena hujirudia kila akila chakula kilekile. Kikohozi cha usiku wa manane, bila dalili hizo, hakitoshi kulaumu mboga ya jioni.

Vinavyosababisha mzio zaidi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, soya, ngano, ufuta, samaki, kamba na kaa. Andika kwenye daftari alichokula, saa ngapi, na kilichotokea, kisha umpelekee daktari. Usijaribu nyumbani kumlisha tena chakula kilichowahi kumvimbisha.

Mimi nabanwa kwenye mwalo wa Kibirizi wakati wa kuanua dagaa, na sijala kitu. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Vumbi la dagaa wakavu na mvuke wa samaki wanaochemka hubeba protini ya samaki hewani, na mwenye mzio wa samaki anaweza kubanwa kwa kuivuta tu. Lakini kabla hujaamini una mzio, tazama yanayokuzunguka: vumbi la mchanga, moshi wa kukausha migebuka, mawese yanayochemshwa jikoni mpaka yanafuka. Hayo yanaweza kumbana mwenye pumu yeyote, hata asiye na mzio wowote. Ikiwa unakula samaki vizuri ukiwa penye hewa safi, lakini jikoni kifua kinalia kama filimbi, nitashuku moshi kabla ya samaki. Pikia nje au mahali pa wazi, funga pua na mdomo kwa kitambaa unapoanua, na mtoto mwenye pumu asibebwe mgongoni na anayepika.

Kuna na samaki waliokaa juani bila barafu wakaanza kuharibika. Hao hujaa histamini ambayo moto hauiondoi. Mlaji huiva uso, huwashwa, huumwa kichwa, na mwenye pumu anaweza kubanwa. Wakipata hivyo watu kadhaa waliokula sahani moja, tatizo lipo kwenye samaki.

Maziwa huongeza makohozi?

Hapana. Asiye na mzio wa maziwa anywe. Tumbo kujaa gesi baada ya maziwa ni shida ya kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa, na hiyo si pumu wala mzio.

Mbona nabanwa nikila usiku sana?

Huenda ni kiungulia. Asidi ya tumbo ikipanda unapolala, huchokoza njia za hewa. Kula mapema, acha saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Akivimba na kubanwa ghafla baada ya kula, nifanye nini?

Hiyo ni dharura, na mwenye pumu yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Kama sindano ya adrenalini ipo, achomwe mara moja kwenye paja kwa nje. Kama haipo, safari ya hospitali ianze sasa hivi, kwa bodaboda au gari lolote lililo karibu. Njiani mpe pampu yake ya salbutamol, mpulizo mmoja mmoja. Mkalishe wima, akizimia, mlaze na kumwinulia miguu. Vidonge vya mzio hupunguza muwasho, lakini havifungui koo linaloziba, kwa hiyo usikae kusubiri vifanye kazi. Na mkifika, taja chakula alichokula.

Je, nichelewe kumpa mtoto mchanga karanga ili nimkinge?

Zamani wazazi waliambiwa hivyo. Utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2015, kwa watoto 640 waliokuwa hatarini kupata mzio, ulionyesha kwamba walioanza karanga kabla ya kutimiza mwaka mmoja walipata mzio wake mara chache mno kuliko waliozuiwa. Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama pekee, kisha changanya karanga zilizosagwa laini kwenye uji. Punje nzima usimpe, zinaweza kumkaba. Mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai aonwe kwanza na daktari.