Jicho tulivu: maana yake kwa mpiga penalti

Jicho tulivu ni mtazamo wa mwisho unaotua mahali pamoja kabla mwili haujaanza tendo lenyewe. Dhana hii ilitokana na kazi ya Joan Vickers, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada. Kwa kipimo chake, jicho lisiyumbe zaidi ya nyuzi 3, tena litulie kwa angalau sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni kufumba na kufumbua, lakini ndipo ubongo unapopanga nguvu na uelekeo.

Mchezaji wa kikapu ana nafuu, maana anaweza kukazia macho ringi wakati wote anapojiandaa kurusha. Mpiga penalti hana bahati hiyo. Lango analolenga liko mita 11 mbele yake, mpira anaoupiga uko miguuni, na macho hayawezi kukaa kotekote. Inabidi aitazame kwanza kona aliyoichagua, aitazame kwelikweli, kisha ayashushe macho kwenye mpira na kuyaacha hapo mpaka mguu uguse. Kona inabaki kichwani, na mguu unaifuata kwa kumbukumbu. Wapo wanaoinamia mpira tangu wanapoutenga, wakidhani wanamficha kipa siri. Kipa hajui, kweli, ila na wao wanapiga kwa kubahatisha.

Halafu kuna kipa mwenyewe. Lango lina upana wa mita 7.32 na yeye amesimama katikati, nafasi tele pande zote mbili. Mbona basi mikwaju mingi inamfuata? Majaribio ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, yaliyochapishwa 2009, yalionyesha kuwa wapigaji waliotiwa presha walimtazama kipa mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na mashuti yao yakaenda karibu naye. Mwenye hofu hutazama kile anachokihofia, na mguu nao huelekea lilikotazama jicho. Kocha anayepaza sauti “usimpigie kipa!” anamrudisha kipa machoni pa mchezaji. Afadhali amtajie kona.

Makipa wanalijua hilo tangu zamani. Kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2005, Istanbul, Jerzy Dudek wa Liverpool alikuwa akiyumbayumba na kupunga mikono mstarini. Serginho, mpigaji wa kwanza wa Milan, akapaisha.