Fundi Hupiga, Fundi Hufundisha: Dhana Potofu kuhusu Kazi ya Mwanamuziki wa Klasiki

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza, huku mwanawe akifungua sanduku la fidla, "Mwalimu, wewe uliacha lini kupiga?" Hakukuwa na kejeli katika swali lake, na nadhani alikusudia kunipa pole. Jioni ya siku ileile nilikuwa na mazoezi ya okestra kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, na tamasha lilikuwa Jumapili. Nilimjibu kwamba sijaacha, naye akaitikia kwa upole wa mtu asiyesadiki. Kwa kuwa swali la namna ile nimelisikia mara nyingi, na kwa kuwa limezungukwa na mengine ya ukoo mmoja nalo, nimeona afadhali niyajibu kwa maandishi.

Dhana: Anayefundisha ni aliyeshindwa jukwaani

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na historia ya muziki wenyewe inaikana tangu mbali. Antonio Vivaldi aliajiriwa mwaka 1703 kuwa mwalimu wa fidla katika Ospedale della Pietà, nyumba ya kulelea watoto walioachwa na wazazi mjini Venice, na tungo zake nyingi aliziandika zipigwe na wasichana aliowafundisha humo. Frédéric Chopin, ambaye jina lake leo halitajwi bila piano, alipiga mbele ya umma takriban mara 30 tu katika maisha yake yote. Riziki yake mjini Paris ilitokana kwa sehemu kubwa na masomo aliyotoa nyumbani, kwa faranga 20 kila somo. Clara Schumann, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ya 19, alianza kufundisha katika konsavatori, yaani chuo cha muziki, ya Hoch mjini Frankfurt mwaka 1878 na akaendelea hadi mwaka 1892, na katika miaka hiyo hakuacha kupanda jukwaani mpaka mwaka 1891. Sasa tuseme Clara Schumann alishindwa nini?

Zipo pia taasisi zilizojengwa juu ya msingi huo wa mtu mmoja kufanya kazi zote mbili. Felix Mendelssohn alipoanzisha konsavatori ya Leipzig mwaka 1843, baadhi ya walimu aliowaweka walikuwa wapigaji wa okestra ya Gewandhaus ya mjini humohumo. Ferdinand David alikuwa kiongozi wa wapiga fidla wa okestra hiyo na wakati huohuo mwalimu wa fidla katika konsavatori, na mwaka 1845 ndiye aliyepiga kwa mara ya kwanza konseto ya fidla ya Mendelssohn, yaani tungo ya fidla moja ikisindikizwa na okestra, kazi ambayo mtunzi alimwomba ushauri alipokuwa akiiandika. Mwanafunzi wake angeweza kumsikia usiku ukumbini akifanya jambo lilelile alilomkosoa mchana darasani. Mpango huo haujafa: hadi leo, katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, wapigaji wa okestra kubwa ndio wanaofundisha katika vyuo vya muziki vya mji wao.

Sisi tunaosema Kiswahili tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika hapa, kwa sababu neno fundi na neno fundisha yametoka tumbo moja. Fundi seremala ana wanafunzi karakanani na hakuna anayemwuliza aliacha lini kuranda mbao. Katika taarabu pia, kijana alijifunza fidla au ganuni kwa kukaa karibu na mzee anayepiga, na hata Zanzibar ilipopata chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, mwaka 2002, wanamuziki wa visiwani wanaopiga ndio walioingia darasani kufundisha.

Dhana: Mpigaji hodari ni mwalimu hodari bila kujifunza

Hapa kosa linageukia upande wa pili, na mimi ni shahidi kwa sababu nililifanya. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na mmoja ambaye fidla yake ilikwaruza kama mlango wenye bawaba kavu. Kila alipokwaruza, nilichukua fidla yangu, nikampigia mstari uleule vizuri, nikamwambia, "Sikia hivi." Alisikia kwa adabu kabisa, kisha akakwaruza tena. Tulikwenda hivyo majuma matatu. Nilijua sauti nzuri ilivyo, ila sikujua tena inavyotengenezwa, maana mkono wangu ulijifunza mambo hayo utotoni na ukayasahau kama mtu anavyosahau alivyojifunza kutembea.

Aliyeniokoa ni mwalimu mwenzangu mtu mzima, aliyekaa pembeni dakika tano bila kusema neno, kisha akamwambia mtoto aweke fidla chini na ashike penseli. Kidole gumba kilikuwa kimenyooka na kukakamaa. Akamwonyesha kukikunja kidogo kwa ndani, kidole kidogo kikae juu ya penseli kwa ncha yake, na kifundo cha mkono kilegee. Baada ya penseli ukaja upinde peke yake hewani, na baada ya upinde ikaja fidla, lakini kwa uzi mmoja tu, ule wa re. Sauti ilifunguka. Haikuwa nzuri bado, lakini haikukwaruza, na mtoto mwenyewe alishtuka. Usiku ule nilijitazama kwenye kioo nikagundua kwamba hata gumba langu hukakamaa ninapopiga kwa nguvu.

Kuona kosa lilipo, kulitaja kwa neno moja badala ya kumi, na kuchagua lipi lisubiri hadi juma lijalo, ni ustadi unaojitegemea. Dorothy DeLay, aliyefundisha fidla katika chuo cha Juilliard mjini New York kwa zaidi ya miaka 50, hakuwahi kuwa na jina kubwa jukwaani, lakini Itzhak Perlman na Gil Shaham walipita mikononi mwake. Leopold Auer alikuwa navyo vyote viwili, jukwaa na darasa, na alifundisha fidla St Petersburg kuanzia mwaka 1868 hadi mwaka 1917; Jascha Heifetz na Nathan Milstein ni wanafunzi wake, na anayewasikiliza hawezi kumchanganya mmoja na mwingine, jambo ambalo kwangu ndilo sifa kubwa kuliko zote kwa mwalimu.

Dhana: Mwanamuziki ama ni tajiri ama ni ombaomba

Wengi wetu hatuko huko wala huko. Kipato cha mwanamuziki wa klasiki kwa kawaida hushonwa kwa viraka: masomo ya binafsi, siku mbili za shule, tamasha moja, harusi mbili, labda kwaya ya kanisa siku ya Jumapili. Viraka hivyo si dalili ya nyakati mbaya za leo. Johann Sebastian Bach alikuwa kiongozi wa muziki katika shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig tangu mwaka 1723, kazi yenye mafundisho ndani yake, na mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake wa zamani Georg Erdmann kwamba mapato yake yalikuwa kama taleri 700, lakini sehemu yake ilitegemea mazishi. Hewa ya mji inapokuwa njema, alieleza bila aibu, watu hawafi vya kutosha, na mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza zaidi ya taleri 100 kwa sababu hiyo.

Wanaodhani kwamba masomo ya binafsi ni pesa ya bure wamsikilize Mozart. Katika barua ya Januari 1782 kutoka Vienna alimweleza baba yake kwamba ana wanafunzi watatu, na kwamba ameacha kutoza kwa hesabu ya masomo 12 kwa sababu walikuwa wakikosa kwa majuma mazima. Sasa kila mmoja alipe dukati 6 kwa mwezi, asome asisome. Nilipoisoma barua hiyo nilicheka peke yangu. Nimewahi kupanda daladala mbili kwenye mvua hadi nyumba moja, nikafika getini nikaambiwa mtoto amekwenda kwa shangazi. Tangu mwezi uliofuata nami hutoza kwa mwezi.

Dhana: Kazi yenyewe ni saa moja na nusu ya tamasha

Hili halihitaji maneno mengi. Saa moja na nusu hiyo hutanguliwa na mazoezi ya pamoja ya siku kadhaa, na mazoezi ya pamoja hutanguliwa na majuma ya kujifungia na noti, na chini ya yote hayo kuna skeli, yaani mazoezi ya kupanda na kushuka noti kwa mfuatano, za kila asubuhi ambazo hakuna anayezilipia. Nyuzi hukatika, singa za upinde huisha, na vyote hununuliwa.

Dhana: Bila kwenda Ulaya huwezi

Kwenda kunasaidia, na mwenye nafasi asiidharau. Lakini Nairobi imekuwa na konsavatori tangu mwaka 1944, na Oman iliunda okestra yake ya kifalme mwaka 1985 kwa kuwafundisha vijana wake wenyewe tangu mwanzo, chini ya walimu wa kigeni walioletwa kwa kazi hiyo. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Kinshasa, ambako Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha okestra ya simfoni ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, mwaka 1994. Fidla zilikuwa chache zikipokezanwa, uzi ukikatika waya wa breki ya baiskeli ulitumika, na kwa kuwa walimu hawakuwepo, waliotangulia kuelewa jambo waliwaonyesha wenzao. Hapo kupiga na kufundisha havikupata hata nafasi ya kutengana.

Mtoto wa mzazi yule aliyeniuliza niliacha lini sasa yuko fidla ya pili katika okestra ya vijana. Jumamosi asubuhi, kabla ya mazoezi, huwafundisha watoto wawili wa jirani kwa malipo ya nauli. Juzi alinilalamikia kwamba mdogo wao anakwaruza, na kwamba amempigia mstari ule mara ishirini na bado hasikii. Nilimpa penseli.