"Kuna wingu leo, tuahirishe?" Hapana, njooni

Ujumbe huu huingia asubuhi, mara nyingi saa moja tu kabla ya kazi: "Naona wingu limetanda, tusubiri siku ya jua?" Nimeujibu kwa upole miaka mingi. Leo naujibu kwa kirefu, maana hata wapiga picha wenzangu wanaamini kwamba anga zuri ni lile la buluu lisilo na doa.

Si kweli. Kosa linaanzia pale mtu anapolichukulia anga kama pazia lililotundikwa nyuma ya mhusika. Nje ya studio, anga ndilo taa. Kila kivuli usoni kimeshaamuliwa nalo kabla hujaishika kamera. Siku isiyo na wingu jua ni taa ndogo mno. Ukilitazama kutoka duniani, upana wake ni nusu ya nyuzi moja tu, na taa ndogo hutoa kivuli chenye ukingo mkali. Saa sita mchana kivuli hicho huangukia kwenye vishimo vya macho, chini ya pua na chini ya kidevu. Watu wanakunja nyuso. Upande wa kivuli nao unaangazwa na buluu ya anga, kwa hiyo kamera iliyopangwa kwa mwanga wa jua, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,500 hivi, inaupa rangi ya ubuluu. Gauni jeupe linaungua bega moja, yaani linatoka jeupe tupu lisilo na mkunjo, na kugeuka buluu bega la pili. Hiyo ndiyo siku mnayoisubiri.

Wingu likitanda, mwanga uleule unasambaa na kushuka kutoka pande zote. Vivuli vinalainika, rangi ya ngozi inatoka kama ilivyo, mtu anafumbua macho bila taabu. Kuna jambo moja tu la kuangalia: chini ya wingu zito, anga la utosini hung'aa karibu mara tatu kuliko lile la kwenye upeo, hivyo macho bado yanaweza kuingia giza. Msogeze mhusika chini ya ukingo wa paa au matawi ya mti, uso wake uelekee kwenye uwazi. Paa litakata mwanga wa juu, uwazi utaleta wa mbele. Hili nimemwambia kila mwanafunzi wangu na sitaacha.

Na anga likiwa ndani ya picha yenyewe? Buluu tupu haimpi mtazamaji chochote cha kushika. Wingu lina tabaka, lina mkunjo, linaonyesha jua liko upande gani na upeo uko mbali kiasi gani. Mpiga picha Mmarekani Alfred Stieglitz alianza kupiga picha za mawingu mwaka 1922 na akaendelea kwa miaka, nyingi zikiwa hazina chochote ila anga, nazo zinatazamwa hadi leo. Mimi siku ninazozitamani ni zile mvua inapokaribia au inapoondoka: wingu jeusi limesimama nyuma, jua linapenya chini yake na kumwangaza mhusika. Hakuna fleshi itakayokupa hilo.

Nakiri lipo wingu lisilofaa kuonekana, lile tambarare la kijivu lisilo na umbo. Hilo litumie kama taa, kisha liondoe kwenye fremu. Panda mahali palipoinuka, inamisha kamera, jaza nyuma kwa majani au ukuta. Sababu ya kuahirisha bado sijaiona, isipokuwa radi.

Kuna na misemo mingine ninayoisikia kila siku. "Anga likiungua utalirudisha kwenye kompyuta." Utarudisha nini? Palipoungua kabisa hapana data. Faili la RAW, picha ghafi ya kamera, lina akiba kidogo; JPEG, picha iliyokwisha kubanwa, karibu haina kabisa. Pima mwanga wa anga kwanza, hakikisha histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) haijagonga ukuta wa kulia, upande wa mwanga mkali, halafu inua vivuli baadaye au mwongezee mhusika mwanga. Kubandika anga jingine nako si kazi ngeni. Katika miaka ya 1850 mpiga picha Mfaransa Gustave Le Gray alichapa bahari na anga kutoka negativu mbili, kwa sababu kemikali za wakati ule ziliwahi mno kuishika buluu na anga likatoka jeupe. Yeye alikuwa anapambana na kikomo cha kemikali. Wewe unakwepa kazi ya sekunde mbili ya kupima mwanga. Tena mwanga wa usoni ukitoka kushoto na jua la kubandika likiwa kulia, hata asiyejua upigaji picha anahisi kuna kitu hakikai sawa.

"Filta ya polaraiza inaokoa anga lolote." Filta hiyo, kioo kinachozungushwa mbele ya lenzi ili kukoleza buluu ya anga, inafanya kazi vizuri nyuzi 90 kutoka jua lilipo. Elekea jua na nguvu yake inapotea. Chini ya wingu zito haiongezi buluu yoyote, inakula mwanga tu. Kwenye lenzi pana sana inaacha doa jeusi katikati ya anga, na doa hilo kulisafisha ni adhabu.

"Upeo lazima ukae kwenye theluthi ya juu au ya chini ya picha." Anga likiwa na la kusema, lipe hata sehemu nne kati ya tano. Likiwa halina, lipe ukanda mwembamba.

"Jua limezama, tufungashe." Hili nalo linaniumiza, kwa sababu naona watu wakiondoka na mabegi mgongoni wakati kazi ndiyo inaanza. Sisi tukiwa tayari kivulini, mawingu ya juu bado yanapigwa na jua kutoka chini, na mara nyingi rangi kali huja dakika 10 hadi 20 baadaye. Ikififia, anga linaingia buluu nzito, na kwa dakika chache mwanga wake unalingana na wa taa za majengo. Funga kamera kwenye tripodi, shusha ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga), acha shata (kilango cha kuingiza mwanga) wazi sekunde kadhaa, na usiondoke mpaka buluu hiyo iwe nyeusi.