Sudan iko kanda gani? Jinsi kanda za dunia zinavyopangwa na kupewa majina

Katika kazi yangu ya takwimu za kijiografia, swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kwa nini nchi moja huhama kanda kila ripoti inapobadilika. Mfano ninaouona kuwa bora ni wa Sudan. Idara ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa huiweka Afrika ya Kaskazini, Umoja wa Afrika huihesabu katika kanda yake ya Mashariki, Shirika la Afya Duniani limeiingiza katika Kanda ya Mediterania ya Mashariki, na Benki ya Dunia huipanga pamoja na nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara. Hakuna taasisi iliyokosea hapo, kwa kuwa kila moja ilichora kanda kulingana na kazi iliyokusudia kuifanya.

Mpangilio tunaoutegemea zaidi sisi wanatakwimu ni ule wa Umoja wa Mataifa uitwao M49, ambao huipa kila nchi na kila kanda namba ya tarakimu 3: Afrika ni 002, Asia 142, Ulaya 150. Waandaaji wake wameeleza waziwazi kwamba makundi hayo yamewekwa kwa ajili ya kurahisisha takwimu, wala hayaashirii msimamo wowote wa kisiasa. Kwa hiyo Kupro imo Asia ya Magharibi ingawa ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu 2004. Urusi yote ni Ulaya ya Mashariki, hata Vladivostok iliyo ukingoni mwa Pasifiki. Na kisiwa cha Réunion, ambacho ni sehemu ya Ufaransa, kina namba yake na kimo Afrika ya Mashariki.

Jambo hili lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011, iliwekwa Afrika ya Mashariki ilhali Sudan ikabaki Kaskazini, na kwa hatua hiyo mamilioni ya watu wakahesabiwa katika kanda nyingine bila hata mmoja wao kuhama nyumba. Anayelinganisha wastani wa kanda hizo kabla na baada ya mwaka huo, asipozipanga upya takwimu za zamani, atayaona mabadiliko ambayo hayakutokea katika maisha ya mtu yeyote.

Wapo wanaoamini kwamba maumbile yangetuondolea utata huu. Mpaka wa Ulaya na Asia unaonyesha kwamba sivyo. Wagiriki wa kale waliuweka kwenye mto Don, na ni katika karne ya 18 ndipo ofisa wa Uswidi Philip Johan von Strahlenberg na mwanajiografia wa Urusi Vasily Tatishchev walipopendekeza usogezwe hadi milima ya Ural, wakati ambapo dola ya Urusi ilikuwa ikijitambulisha kuwa ya Ulaya. Mto na milima vilikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni haja ya wachoraji wa ramani.

Majina nayo hubeba mahali aliposimama aliyeyatoa. Mashariki ya Kati ni jina lililoenezwa na Alfred Thayer Mahan, ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, katika makala yake ya 1902 kuhusu eneo la Ghuba ya Uajemi, na lina maana tu kwa anayeanza kuhesabu kutoka Ulaya. Kwa maoni yangu, Asia ya Magharibi ni jina la haki zaidi, ingawa halijumuishi Misri. Hata hivyo jina la kigeni linaweza kupata wenyewe: Asia ya Kusini-Mashariki ilizoeleka duniani kupitia kamandi ya kijeshi ya nchi Washirika wa Vita vya Pili vya Dunia iliyoundwa mwaka 1943, kisha mwaka 1967 Indonesia, Malaysia, Ufilipino, Singapore na Thailand zikalichukua kuwa jina la jumuiya yao, ASEAN, yaani Jumuiya ya Mataifa ya Asia ya Kusini-Mashariki.

Lakini usidhani kwamba jina lilelile lina nchi zilezile kila mahali. Katika Shirika la Afya Duniani, Kanda ya Asia ya Kusini-Mashariki inajumuisha Korea Kaskazini, huku Korea Kusini ikiwa katika Kanda ya Pasifiki ya Magharibi. Ndiyo sababu, ninapopokea ripoti yoyote ya kikanda, ukurasa wa kwanza ninaoutafuta ni ule wenye orodha ya nchi, na usipokuwapo siutumii wastani wake.