Je, wajua? Kwa nini maadui vitani hufika mahali wakapeana mikono

Juzi usiku tulikuwa kwa shangazi yangu Mwembetanga tunaangalia muvi ya vita, Waingereza na Wajerumani wamejichimbia kwenye mahandaki, wanauana weee, mara ikaingia Krismasi wakaanza kuimbiana, wakatoka, wakapeana sigara. Shangazi akaguna, "Hayo ya sinema tu mwanangu, nani atatoka mbele ya bunduki?"

Walitoka shangazi, kweli kabisa. Ilikuwa Desemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa. Wajerumani waliweka vimiti vya Krismasi na mishumaa juu ya mahandaki yao wakaimba, upande wa pili wakajibu kwa nyimbo zao, na kulipokucha baadhi yao wakakutana katikati, wakabadilishana tumbaku, vifungo vya makoti, vyakula vya kopo, na kubwa zaidi, wakazika maiti zao zilokuwa zimelala pale kati siku nyingi hazina wa kuzichukua. Si kila mahali lakini, kuna sehemu siku hiyo hiyo watu waliendelea kupigwa risasi na kufa.

Sasa kwa nini? Mimi naona jibu kubwa ni ukaribu. Kutoka handaki la upande huu hadi la upande ule sehemu nyingine hazikufika hata mita 100, yaani unamsikia mwenzio anakohoa, unasikia harufu ya chakula chake, mvua inayokurowesha wewe na yeye inamrowesha, tope lile lile, na kabla hata ya Krismasi kuna sehemu walikuwa hawapigani wakati wa kula, hawakuandikiana mkataba wowote, walielewana tu. Tena Wajerumani wengine walishawahi kufanya kazi Uingereza, wahudumu wa hoteli, vinyozi, kwa hiyo Kiingereza wanakijua, na mtu akishakusalimia kwa lugha yako kumlenga kifuani inakuwa kazi nzito. Majenerali walilijua hilo mapema, Smith-Dorrien wa Uingereza alishatoa amri mwanzoni mwa Desemba kukataza mazoea na adui, na Krismasi ya 1915 wakakaza zaidi.

Ukitaka kuona kinyume chake huna haja ya kwenda Ulaya, angalia bahari yetu hii. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, manowari ya Uingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga hapa Unguja inatengenezwa mitambo, ikaja Königsberg ya Wajerumani ikaipiga kutoka mbali huko, mizinga ya Pegasus haifiki hata kujibu. Walikufa watu 38. Kule hakuna aliyemwona mwenzake uso, hakuna wimbo wala sigara, ni moshi tu na maji. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa Chapwani, kile kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe, na kila nikipita na boti pale naumia, vijana wa watu wamelala mbali na mama zao.

Lakini kitu kinachonigusa zaidi ni askari weusi wa vita hivyo hivyo huku bara, na hawa muvi hazina habari nao. Wa Mjerumani wengi walizungumza Kiswahili, na upande wa Mwingereza, kwenye King's African Rifles (KAR), jeshi lake la askari wa Kiafrika, Kiswahili kilikuwepo pia, kwa hiyo wapo waliokuwa wanawindana porini huku wakigongwa wote wanaita "mama!" kwa neno moja. Na 1917 Waingereza walipounda kikosi cha 6 cha KAR, wengi walioingia walikuwa ni askari waliotekwa kutoka jeshi la Mjerumani, yaani mtu aliyekuwa akikupiga risasi mwaka jana leo mnalala kambi moja, mnakula sufuria moja, na kuzoeana hakukuhitaji mkalimani.

Nilipomwambia hilo shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hao ndio wangetengenezewa muvi."